Kadi ya Kilabu na Choo cha Mzee Hemed

Haipiti wiki kijana mmoja hajanipigia simu au hajanikamata msikitini baada ya sala. Swali lao ni moja. "Ami Nassor, kile kilabu cha ununuzi, kile cha kulipia uanachama, nijiunge au nisijiunge? Nna nyumba ya kukarabati." Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua. Katika mafundi wote wenye asili ya Unguja hapa Maskati, sijamwona aliyeipata kadi ile kabla yangu, na sijamwona aliyeitumia kama nilivyoitumia mimi, mpaka maandishi yakafutika.

Sasa nnakujibuni kwa kalamu, nisirudierudie. Msitazamie Kiswahili cha vitabuni. Darasa la tano nililiacha njiani, mama akanileta huku na sanduku moja la bati, na nikaanza kazi kwa kubeba vifusi. Lakini nyumba nilizozivua nguo na kuzivalisha upya katika mji huu sizijui idadi. Wahandisi wenye shahada zao ukutani walikuwa wanasimama mlangoni, kofia mpya kichwani, wananiuliza, "Bwana Nassor, hapa tufanyeje?" Mimi nagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, nasikiliza, nawaambia bomba limepita wapi. Sijakosea. Naam, nimekosea mara mbili. Ya pili ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Kwanza mjue kitu chenyewe. Kilabu kile si duka. Huingii kutazama bei na kutoka. Unalipa ada ya uanachama kwanza, fedha ya maana, ndipo unafunguliwa. Ndani kuna vigae, makabati ya jikoni, milango, masinki, taa, vyote vimepangwa kama maonyesho, na bei zake ni za kiwandani, hajapita mwenye duka katikati kutia chumvi yake. Unachagua, kilabu kinaagiza kwa jina lako, mzigo unakuja na meli. Hurudishi kitu. Ukikosea kipimo, limekukaa. Na siku ya kwanza wanakutaka uamue palepale: ukitoka bila kulipa, ofa imekwisha. Mimi nilikaa kwenye kiti chao cha ngozi, nikanywa kahawa yao vikombe vitatu, nikatia saini. Mke wangu aliponiuliza nimelipa nini, nikamwambia nimelipa mlango.

"Mlango wa wapi?"

"Wa kuingilia."

Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Mwezi haukwisha akanyamaza, maana nilipata kazi ya jumba Qurum, mtaa wa matajiri, ghorofa mbili na kibanda cha dereva, vyoo saba, mwenyewe yuko nje ya nchi mwaka mzima na ufunguo kaniachia. Vigae vyote, makabati yote, nikaviagiza kilabuni. Mzigo ukakaa baharini wiki kumi. Kuna shida gani? Nyumba tupu, hakuna mtu wa kuoga. Ada yangu ilirudi kwa jumba lile moja, ikazaa na wajukuu. Wenzangu wakawa wanapita barabarani kwa makusudi kuitazama kazi yangu, na mimi nakuwa nipo nje kwa makusudi nitazamwe.

Basi wewe unayeniuliza, jibu lako la kwanza ni hilo. Nyumba kama haina mtu, kazi ni kubwa, vipimo vyako umevipima mara mbili kwa mkono wako, una ghala la kuweka mzigo, na una subira, jiunge. Agiza vigae zaidi ya unavyohitaji, sanduku mbili tatu, kwa sababu kigae kikipasuka mwakani hutopata cha rangi ileile hata ukalie. Fungua kila sanduku siku linapofika, mbele ya dereva, si wiki ya pili. Na kama unakarabati choo kimoja tu, weka fedha yako mfukoni. Ada itakula faida yote.

Ningeweza kuishia hapo nikawa nimekujibuni. Lakini sikujifunza hayo kwa jumba la Qurum.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hemed. Mwarabu wa Tabora, kazaliwa huko, kakulia huko, Kiswahili chake cha bara kimenyooka kama timazi. Sisi wa Unguja akituita watu wa maneno. "Nyinyi Waunguja," akisema, "mkipewa nyundo mnaitungia shairi kwanza." Alinichukua nna miaka kumi na tisa, sijui kushika mwiko. Yeye ndiye aliyenionyesha kumwaga maji sakafuni na kuyafuata kwa macho mpaka yanapokwenda, kabla ya kuamini pimamaji. Na alikuwa na sharti moja ambalo mafundi wote wa Wadi Kabir, kwenye maduka ya vifaa, wakimcheka nalo: choo cha mtu hakibomolewi mpaka kile kipya kimefika, kimefunguliwa, na yeye Hemed amekikalia.

Amekikalia kweli. Alikuwa akiingia dukani na kanzu yake nyeupe na kofia yake, anakaa juu ya choo kilichowekwa dirishani, mikono magotini, anatazama barabara. Watu wanapita. Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole, akawa anafunika uso.

"Baba, tafadhali. Wateja."

"Wewe ukinunua viatu huvai?" anamjibu. "Nyamaza, ninasikiliza mgongo."

Nilimcheka na mimi. Nikiwa kijana, siku moja kaniachia nyumba moja Al-Khuwair yeye kaenda kuswali Ijumaa, nikaona niharakishe. Nikakivunja choo. Kipya kilipoletwa, tundu lake la kutolea maji halikukutana na bomba la sakafuni, limepishana shubiri nzima. Nyumba ile ilikuwa na watu tisa. Siku tatu wanakwenda kwa jirani. Mzee Hemed hakunipiga wala hakunitukana. Alinisimamisha kwenye mlango wa yule jirani, asubuhi na jioni, niwe namwomba radhi kila mtu anayeingia. Tisa, mara mbili kwa siku. Bibi yao alikuwa akinijibu, "Nimekusamehe, mwanangu, nipishe." Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

La pili lilikuja nikiwa bwana mkubwa, nna gari tatu zenye jina langu ubavuni.

Kisukari kilimkata Mzee Hemed mguu wa kushoto, chini ya goti. Mkewe keshafariki zamani. Nyumba yake ya Al-Khuwair, ndogo, nyuma ya mawizara, ilikuwa na choo cha kizamani: mlango mwembamba, kizingiti cha kuruka, na choo cha kuchuchumaa. Kiti cha magurudumu hakipiti. Kwa hivyo alipotoka hospitali, binti yake Zuwena akamchukua kwake Quriyat, mbali nje ya mji. Zuwena anafanya kazi wizarani, kila siku anaendesha gari kuja mjini na kurudi. Mchana mzima mzee anabaki na mumewe Zuwena, Khalfan, ambaye alikuwa baharini ujana wake na sasa kastaafu.

Nikaenda kumwona. Alisubiri Khalfan aende kuleta kahawa, akaniita karibu kwa kidole.

"Nassor. Sema polepole."

"Nini, mzee wangu?"

"Mkwe wangu ananipeleka chooni."

Nyinyi mliokulia kwenye heshima zetu hamhitaji kuelezwa. Mtu mume wa binti yako humvulii hata kofia ovyo.

"Khalfan mtu mwema," nikasema.

"Wema wake ndio unaoniua. Angekuwa mtu mbaya ningemtukana, ningepumzika. Huyu ananibeba, ananiambia 'samahani, baba'. Samahani ya nini? Mimi ndiye niliye uchi." Akajifuta uso kwa shuka. "Nitengenezee choo changu, Nassor. Mlango upite kiti. Kizingiti kitoke. Mabomba ya kushikia, kulia na kushoto. Na mfereji wa maji ya kutawadhia uwe chini, kimo cha mtu aliyekaa. Niingie peke yangu, nijifungie. Jirani atanipikia. Sitaki kingine duniani."

"Mzee, ntakufanyia choo ambacho mawaziri hawana. Na sichukui hata baisa."

"Sitaki cha waziri. Ninataka cha haraka."

Hayo ndiyo maneno yake. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Mwaka wa pili wa kadi nilikuwa nimeshaulipia, na majumba ya Qurum hayakuja tena. Ile kadi inakaa mfukoni inaniwasha. Mke wangu kila nikitoa pochi anauliza, "Mlango wako haujambo?" Nikaona hii ndiyo kazi yake. Nikaenda kilabuni, nikachagua choo kirefu cha wagonjwa, beseni la kuning'inia, mabomba ya kushikia ya chuma kisichoshika kutu, vigae vya kijivu visivyoteleza, na mfereji wa udhu wa Kitaliano, bomba la maji linalofunguka ukiliegemea kwa kiwiko. Karani, dada mmoja mstaarabu, alinieleza bila kunificha: wiki nane mpaka kumi na mbili. Nikatia saini. Kilabu hakikunidanganya neno, muelewe hivyo. Vitu vya namna hiyo, labda si vizuri vile, vilikuwepo Wadi Kabir, duka la mbele ya msikiti. Ningevipakia garini siku ileile.

Wiki ile mafundi wangu wawili walikuwa hawana kazi. Kuwalipa wakae? Nikawapeleka Al-Khuwair, nikawaambia vunjeni. Wakavunja. Choo, sakafu, mpaka bomba la zamani. Kikabaki chumba cha mchanga na tundu.

Nilijua ninachokifanya. Sikusahau sharti la mzee. Nilijiambia tu kwamba yeye alikuwa fundi wa zamani zake, na mimi nna mpango.

Wiki ya sita Zuwena akapita pale Al-Khuwair asubuhi kabla ya kwenda kazini, kama alivyokuwa akipita kila siku. Alinikuta napima mlango ambao nimeshaupima.

"Ami, bado?"

"Uko baharini, mwanangu. Mzigo wa maana hauji kwa miguu."

"Baba anauliza kila Ijumaa. Jana kaniuliza mara mbili." Akachungulia ndani, akarudi nyuma. "Ami, tusinunue tu hapa mjini? Mimi ntalipa. Choo chochote."

"Choo chochote? Kwa Mzee Hemed? Ataniona mimi nani?"

"Hatokuona chochote. Ataingia chooni."

"Zuwena. Nimekwisha kulipa. Wiki mbili tu. Atakuja kukushukuru."

Akaangalia saa yake, akaingia garini. Ni binti aliyelelewa. Hamjibu mtu wa umri wa baba yake. Na mimi nilichukua heshima yake nikaifanya ni kukubali.

Haikuwa fedha, mkitaka ukweli. Bei ya mjini na bei ya kilabu kwa choo kimoja hazikupishana kitu cha kumkosesha usingizi mtu mwenye gari tatu. Ila ningenunua Wadi Kabir, kadi ingekuwa ya bure, na mimi ningekuwa mtu aliyenunua mlango. Hilo sikuliweza.

Nikawa nakwenda Quriyat kila baada ya siku chache, kumpa moyo. Kiangazi kilikuwa kimeingia, joto la kuyeyusha lami. Namwonyesha picha za mfereji wa Kitaliano kwenye simu. Anatazama, anatikisa kichwa. Khalfan analeta maji ya baridi na chai ya maziwa. Mzee anapokea, anashukuru, anaweka pembeni. Naondoka gilasi imejaa. Midomo yake ilikuwa imekauka, ngozi juu yake inachubuka. Nikadhani ni uzee. Nikadhani ni zile dawa.

"Kunywa, mzee, joto hili."

"Ntakunywa ukishaondoka."

Wiki ya kumi na moja mzigo ukafika. Nikafungua masanduku mbele ya dereva, kama ninavyokufundisheni. Choo kizima, vigae vizima, mabomba mazima. Mfereji wa udhu uko, unang'aa. Ila kile kipande chake cha ndani, kinachofukiwa ukutani kabla ya vigae, hakimo. Bila kile huwezi kufunga ukuta, na bila ukuta huwezi kuweka vigae, na bila vigae choo hakikai. Nikapiga simu. Dada akaomba radhi, akasema kitatumwa kwa ndege, siku kumi.

Fundi wangu mmoja, Mbangali mwenye akili, akaniambia, "Bwana, weka mfereji wa kawaida. Nusu siku. Mzee aingie. Huu wa Kitaliano tutaweka baadaye."

Nikamwuliza nani bosi.

Siku ya saba ya zile kumi Zuwena akanipigia simu kutoka hospitali. Nilipofika alikuwa amekaa ukumbini peke yake, viatu vimemtoka, mkoba bado uko begani.

"Figo," akasema. "Daktari anauliza baba alikuwa anakunywa nini. Nikamwambia anakunywa vizuri, Khalfan anampelekea kila saa. Khalfan akainama." Alisema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwengine. "Alikuwa anamwaga, ami. Kwenye chungu cha maua cha dirishani. Khalfan aliligundua wiki iliyopita, udongo umeoza. Akamwuliza. Baba akamwambia: nikinywa, utanibeba. Ngoja, Nassor anakaribia kumaliza."

Zuwena hakunilaumu. Angenilaumu ningeshukuru.

Mzee alikaa siku mbili. Ya tatu, alfajiri, akafariki.

Na hata kufa kwake nikakuharibu. Azaa ya wanawake, matanga kama tunavyoyaita kwetu, ilikuwa ifanyike nyumbani kwake Al-Khuwair, kwenye nyumba ya marehemu, karibu na majirani zake wa miaka. Utawaweka wapi wanawake sitini siku tatu katika nyumba isiyo na choo? Ikahamishiwa Quriyat. Majirani zake, wazee wenziwe na wake zao, wengi hawakuweza kufika mbali vile.

Wanaume tulikaa kwenye sabla, ukumbi wa wanaume wa mjini kwao Khalfan, safu mbili zinazotazamana, kahawa inazunguka. Nilichagua pembeni, karibu na viatu. Khalfan akaniona. Akaja kunishika mkono, akanivuta mpaka katikati, akanikalisha kuliani kwake. Kisha akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika safu zote mbili:

"Huyu ni Nassor. Mwanafunzi wa marehemu. Alikuwa anamtengenezea nyumba yake, miezi mitatu, bila kuchukua baisa."

"Mashaallah," wakasema.

"Na vitu kaviagiza Ulaya, si vya hapa."

"Mashaallah. Jazakallahu kheri."

Nilimtazama usoni kuona kama ananichoma. Hapana. Mtu yule hajui kuchoma. Zuwena hakumwambia kwamba nilikataa choo cha hapa mjini, na mpaka leo sidhani kama amemwambia.

Maisha yangu yote sijawahi kukataa sifa. Nimezitafuta, nimezinunua, nimesimama barabarani kuzingojea. Siku ile safu mbili za wanaume zinaniombea kheri, kikombe cha kahawa kiko mkononi, natafuta neno la kumnyamazisha Khalfan bila kumwaibisha yeye mbele ya watu wake, na silipati. Nikasema amin.

Mzee mmoja aliyekuwa kuliani kwangu, simjui, mtu wa Quriyat, akaniinamia. Akasema magoti yake yamechoka, kuchuchumaa kumekuwa adhabu, na kama ntakuwa na nafasi, basi nikamtazamie choo chake na yeye, maana mafundi wa kuaminika siku hizi hawapo.

Nikamwambia nimeacha kazi.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamwambia, tangu zamani.